Jinsi ya Kutambua Umbo na Mkato wa Almasi na Vito Vingine: Mwongozo Kamili

Kosa ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Msomaji ananitumia picha ya pete yenye jiwe jeupe la mstatili, anauliza, "Zumaridi yangu mbona si ya kijani?" Namuuliza nani kamwambia ni zumaridi. Risiti, anajibu, imeandika "mkato wa zumaridi". Jiwe lenyewe ni almasi. Mwingine aliagiza jiwe la umbo la mto, akaletewa la radianti, na hajui adai nini kwa sababu yote mawili yana pembe nne na yote mawili yanameremeta.

Tunauliza swali moja mahali penye matatu. La kwanza: ukilitazama jiwe kutoka juu, ukingo wake unachora nini? Hilo ni umbo. La pili: zile nyuso ndogo bapa zinazorudisha mwanga zimepangwaje? Huo ni mtindo wa mkato. La tatu: kazi imefanywa kwa makini au imelipuliwa? Huo ni ubora wa ukataji. Jina la dukani hujibu maswali mawili ya kwanza, na mnunuzi akadhani limejibu na la tatu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama huwa wameanza na hatua ya mwisho, ile ya kusoma cheti, kabla hawajalitazama jiwe.

## Vifaa unavyohitaji

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ya mara 30 haikusaidii. Jiwe halitaenea kwenye lenzi.
- Kalipa ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita.
- Kibano chenye midomo laini, kama jiwe halijafungwa kwenye pete.
- Kitambaa kisichoacha nyuzi, maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo.
- Karatasi nyeupe na penseli.
- Kipande cha gazeti au ukurasa wowote wenye maandishi madogo.
- Mwanga wa mchana kutoka dirishani, usiwe jua la moja kwa moja.
- Cheti cha maabara, kama kipo. Kiweke kifudifudi mpaka hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Safisha, kisha ondoka chini ya taa kali

Almasi hushika mafuta kuliko vito vingi. Alama moja ya kidole chini ya jiwe hulifanya lionekane limekatwa vibaya hata kama halina kosa. Lioshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni, suuza, kausha.

Tahadhari: zumaridi nyingi zimejazwa mafuta kwenye nyufa zake. Usiziloweke, na usizipitishe kwenye mashine ya kuosha kwa mtetemo. Zumaridi, opali na feruzi zifute tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kisha ondoka chini ya taa za dukani. Zile taa ndogo kali za dari zimewekwa pale kwa kazi maalumu: hata kioo cha kawaida kikikatwa nyuso kitawaka chini yake. Sogea dirishani. Hapo jiwe lililokatwa vizuri litaendelea kuwa hai, na lililolipuliwa litapoa.

Umefaulu kama: unaona mipaka ya nyuso ikiwa mikali, haina ukungu.

## Hatua ya 2: Jifunze sehemu tano za jiwe

Bila majina haya hutaweza kuelezana na sonara. Shika jiwe kwa kibano kwenye kiuno chake, ligeuze ubavu, litazame kwa lenzi.

Ule mstari mwembamba unaolizunguka ni mshipi. Juu ya mshipi ni taji, na uso mpana ulio bapa kileleni mwa taji ni meza. Chini ya mshipi ni kitako, kinachoshuka hadi kwenye ncha. Kazi kubwa hufanyika kwenye kitako: mwanga huingia kupitia taji, hugonga kuta za kitako, hurudi juu kwenye jicho lako. Kuta zikiwa na mteremko usiofaa, mwanga hupenya chini na kupotea.

Lenzi ilete karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe mpaka lionekane sawasawa. Wanaoshika lenzi mbali kama wanasoma ramani ndio wanaoniandikia kwamba hawaoni kitu.

## Hatua ya 3: Chora ukingo

Weka jiwe meza ikiwa juu, litazame wima, halafu lichore. Mchoro mbaya unatosha. Mkono hulazimisha jicho kuamua: hapa pana pembe au pamezungushwa? Upande huu umenyooka au umebinuka?

Linganisha mchoro wako na maumbo haya:

- Duara. Halina utata, ila pima kipenyo mara kadhaa. Mengine yamevimba upande mmoja.
- Duaradufu. Kama yai lililobanwa sawasawa ncha zote mbili. Ncha moja ikiwa nyembamba kuliko nyingine, ni kosa la mkataji.
- Tone, ambalo wauzaji wengine huliita pea. Upande mmoja wa mviringo, mwingine wa ncha. Cullinan I, almasi ya karati 530.2 iliyo kwenye fimbo ya kifalme ya Uingereza, ni tone.
- Markizi. Ncha mbili na tumbo katikati, kama mtumbwi ukiutazama kutoka juu.
- Moyo. Tone lililochanwa kichwani.
- Prinsesi. Mraba, au karibu na mraba, wenye pembe kali zisizokatwa.
- Mto. Pembe zimezungushwa na pande zimebinuka kidogo kwenda nje. Almasi ya Hope, ile ya bluu ya karati 45.52, ni ya familia hii.
- Mstatili au mraba uliokatwa pembe. Ukihesabu utapata pande nane: nne ndefu, nne fupi.
- Pembetatu na bageti. Mara nyingi utazikuta pembeni mwa jiwe kubwa. Bageti ni kijiti chembamba cha mstatili.

Simama kwenye ule mstatili uliokatwa pembe. Mchoro huo mmoja unaweza kuwa mkato wa zumaridi au radianti. Ukiwa mraba, unaweza kuwa Asscher au radianti ya mraba (majina haya tutayafafanua hatua ya 4). Ukingo peke yake hauwezi kukuamulia, na hapa ndipo wasomaji wengi huandika jina la kwanza lililowajia.

Umefaulu kama: umeandika umbo bila kutaja bado jina la mkato.

## Hatua ya 4: Soma mpangilio wa nyuso

Chukua lenzi tena, tazama kupitia meza hadi chini. Utaona mojawapo ya mambo manne.

Mkato wa kumeremeta. Nyuso ni pembetatu na vishada vinavyotawanyika kutoka katikati kama miale. Duara la kawaida lina nyuso 57: 33 kwenye taji na 24 kwenye kitako. Ncha nayo ikisawazishwa zinakuwa 58. Duaradufu, tone, markizi, moyo, prinsesi na radianti kwa kawaida huwa wa aina hii au wa marekebisho yake. Mwanga hutoka ukiwa umevunjika vipande vidogo vinavyowakawaka, na vurugu hiyo huficha mengi: chembe ndani ya jiwe, hata rangi hafifu ya manjano kwenye almasi.

Mkato wa ngazi. Nyuso ni ndefu, sambamba na ukingo, zimeshuka moja baada ya nyingine kama vidato vya kisima. Huu ndio "mkato wa zumaridi", na hilo ni jina la mtindo tu. Ulipewa jina hilo kwa sababu uliifaa zumaridi: jiwe lenye nyufa nyingi huvunjika kirahisi pembeni, kwa hiyo pembe zikakatwa mapema. Asscher ni ndugu yake wa mraba, pembe zimekatwa zaidi, na ukitazama katikati unaona miraba ndani ya miraba. Ngazi hazicheki kama mkato wa kumeremeta. Hutoa miangaza mipana, michache, inayofunguka na kufunga kama mlango. Binafsi naupenda huu kuliko yote, lakini hausamehe. Meza ni pana na wazi kama dirisha safi. Chembe ndogo ambayo duara lingeimeza, hapa inaelea katikati, na rangi hafifu nayo huonekana. Ukichagua ngazi, panda daraja la usafi hata kama itakubidi upunguze karati.

Mkato mseto. Taji la kumeremeta, kitako cha ngazi. Utakutana nao sana kwenye yakuti nyekundu na yakuti samawi. Ukitazama kwa juu tu utadanganyika. Geuza jiwe uone mgongo.

Kaboshoni. Hakuna nyuso kabisa. Juu ni kuba laini, chini mara nyingi bapa. Opali na feruzi huchongwa hivi kwa sababu uzuri wake uko kwenye rangi ya uso. Yakuti ya nyota nayo haina budi: nyota hutokana na sindano nyembamba mno za madini ndani ya jiwe, na kuba ndilo linalokusanya mng'ao wake kuwa mistari. Ukiinamisha jiwe hilo chini ya taa moja, nyota itembee kwa ulaini na ikae katikati ya kuba unapolitazama wima.

Sasa rudi kwenye ule mstatili wa pande nane. Nyuso zikishuka kama ngazi, ni mkato wa zumaridi. Zikitawanyika kama barafu iliyopondwa, ni radianti. Na yule msomaji wa mto na radianti? Pembe za mto zimezungushwa. Za radianti zimekatwa kwa mstari ulionyooka. Pitisha jicho kwenye pembe moja tu kwa lenzi, jibu lipo hapo.

Umefaulu kama: una maneno mawili kwenye karatasi, kwa mfano "mstatili, ngazi" au "duaradufu, mseto".

## Hatua ya 5: Pima kwa milimita

Karati ni uzito, gramu 0.2, haikuambii jiwe litaonekana kubwa kiasi gani. Pima urefu, upana na kina. Kalipa ifunge polepole mpaka iguse, usibane.

Gawa urefu kwa upana. Jiwe la milimita 8.10 kwa 5.60 lina uwiano wa 1.45. Viwango wanavyovipenda wengi ni hivi:

- Duaradufu na mkato wa zumaridi: 1.30 hadi 1.50
- Tone: 1.45 hadi 1.75
- Markizi: 1.75 hadi 2.25
- Prinsesi na mto wa mraba: 1.00 hadi 1.05
- Moyo: karibu na 1.00

Hivi ni vya ladha. Duaradufu la 1.60 si kosa, ni jembamba tu, na kidole kifupi kinaweza kulipenda.

Kina ndicho chenye hila. Kwenye duara gawa kina kwa kipenyo. Kwenye maumbo mengine gawa kwa upana. Jiwe letu la mfano likiwa na kina cha milimita 3.50, hiyo ni asilimia 62.5. Almasi ya duara hukaa vizuri karibu na asilimia 59 hadi 62.5. Vito vya rangi huruhusiwa zaidi, mara nyingi 60 hadi 80.

Kwa nini mkataji aache kina kikubwa? Kwa sababu anauza kwa uzito. Duara hula nusu au zaidi ya jiwe ghafi, na kila sehemu ya karati inayobaki chini ya mshipi ni fedha. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha karibu milimita 6.5. Ukipima ukakuta 6.1, unalipia uzito uliokalia kitako usioonekana kwa juu. Tazama na mshipi: ukiwa mnene kama ukuta, uzito umejificha hapo pia.

Tahadhari: usitumie kipimo cha almasi kwa yakuti au zumaridi. Msongamano wa almasi ni 3.52, wa yakuti ni kama 4.00, wa zumaridi ni kama 2.7. Kwa karati ile ile, yakuti itakuwa ndogo kwa macho na zumaridi itakuwa kubwa, bila mtu yeyote kukudanganya.

## Hatua ya 6: Tafuta dirisha, kipepeo na weusi

Hapa tunafika kwenye swali la tatu, lile la ubora, na cheti hakitakusaidia sana.

Dirisha. Weka jiwe juu ya gazeti, meza ikiwa juu, litazame wima. Ukisoma herufi katikati ya jiwe, kitako kina mteremko mdogo mno na mwanga unapita moja kwa moja. Niliwahi kununua yakuti samawi ya duaradufu iliyonichanganya chini ya taa za duka. Nyumbani niliitua juu ya gazeti: ukingoni bluu nzito, na katikati, pana kama punje ya mahindi, herufi tatu zikasomeka bila shida. Nilikuwa nimenunua pete ya bluu iliyozunguka maji. Mbuzi kwenye gunia, na gunia nililifunga mwenyewe.

Vito vya rangi hupatwa na hili kuliko almasi, na sababu ni uwezo wa jiwe kupinda mwanga. Kipimo cha almasi ni 2.42, cha yakuti ni kama 1.76, cha kwatzi ni kama 1.54. Kadiri kipimo kinavyoshuka, ndivyo kitako kinavyohitaji mteremko mkali zaidi ili kuuzuia mwanga usitoroke. Kwenye almasi, mwanga hunaswa ukigonga ukuta kwa zaidi ya nyuzi 24.4 hivi (zikipimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya ukuta huo), kwenye kwatzi lazima upite kama nyuzi 40. Kitako kinachoitosha almasi kinaweza kuwa tundu kwenye amethisti, ambayo ni kwatzi ya zambarau.

Tahadhari: jaribio la gazeti linapima mkato. Usilitumie kuthibitisha kwamba jiwe ni halisi.

Kipepeo. Kwenye duaradufu, tone, markizi na moyo, tazama katikati kwa upana wa jiwe. Kivuli cheusi chenye umbo la tai ya kipepeo ni kichwa chako mwenyewe: nyuso za pale zinajaribu kurudisha mwanga kutoka mahali ulipouziba. Shika jiwe kama sentimita 30 kutoka usoni, litikise taratibu kushoto na kulia. Kivuli hafifu kinachowaka na kuzima ni cha kawaida, kinalipa jiwe uhai. Kikibaki cheusi tii kila upande, acha. Picha za mtandaoni hukificha kwa sababu kamera na taa hupangwa kukikwepa. Omba video inayozungusha jiwe.

Weusi. Kinyume cha dirisha. Kitako kina kina mno, au rangi ni nzito, na sehemu kubwa ya jiwe inabaki giza hata ukiligeuza. Kwenye yakuti samawi watu hudhani giza ni thamani. Rangi nzito inayowaka, naam. Giza, hapana.

Umefaulu kama: unaweza kuonyesha kwa kidole ni wapi jiwe linawaka, wapi linapitisha, wapi limekufa.

Moyo nao una jaribio lake dogo. Kunja mchoro wako katikati: mabega yasipolingana, jicho litasumbuka kila siku. Na chini ya nusu karati, mchano wa juu humezwa na kucha za pete, ukabaki na kitu kisicho tone wala moyo.

## Hatua ya 7: Kagua ncha na pembe, kisha geuza cheti

Pitisha lenzi kwenye kila ncha na kila pembe kali. Almasi ni ngumu kuliko kito chochote, lakini ugumu ni kutokwaruzika. Ikipigwa pigo mahali pake, inaweza kupasuka, maana fuwele yake ina mielekeo minne ya kupasukia kirahisi. Pembe za prinsesi na ncha za markizi na tone ndizo huondoka kwanza. Zinahitaji kucha yenye umbo la V, inayokumbatia ncha pande zote mbili. Ukikuta kucha ya mviringo imeshika karibu na ncha huku ncha yenyewe iko nje, mrudishie sonara. Tanzanaiti, yenye ugumu wa 6 hadi 7 na tabia ya kupasuka, mimi nisingeivaa ya pembe kali kidoleni. Iwe duaradufu au mto, au iende kwenye herini.

Sasa geuza cheti. Vyeti vingi huandikwa kwa Kiingereza, na majina yake hayafanani na ya dukani. Kwenye vyeti vya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, prinsesi huandikwa "Square Modified Brilliant", radianti ya mstatili "Cut-Cornered Rectangular Modified Brilliant", na Asscher "Square Emerald Cut". Neno "Brilliant" ni kumeremeta. "Emerald Cut" ni ngazi. Hapo ndipo maneno yako mawili ya hatua ya 4 yanapolipa.

Usitafute daraja la ukataji kila mahali. Kwa miaka mingi GIA imelitoa kwa almasi ya duara tu; kwa maumbo mengine utakuta mng'aro na ulinganifu. Vyote viwili vikiwa vya juu kabisa, kipepeo bado anaweza kuwepo, maana hapimwi hapo. Muuzaji akikuambia "lina daraja bora la ukataji" kuhusu tone, mwombe akuonyeshe mstari huo kwenye cheti.

Mwisho, linganisha vipimo vyako na vya cheti. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita ni ya mkono wako au kalipa yako. Tofauti ya nusu milimita ina maana cheti ni cha jiwe jingine. Vyeti kamili huwa na mchoro wa nyuso: uweke kando ya mchoro wako wa penseli, geuza mpaka vilingane. Na kama cheti kinasema namba imechorwa kwa leza kwenye mshipi, itafute kwa lenzi, uisome tarakimu moja moja, kabla ya kutoa pesa.